Kabla Hujapandikiza Nyusi: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Barua zilizotufikia mwezi huu kuhusu nyusi ni nyingi, na takriban zote zinauliza mambo mawili tu, yaani bei na mahali. Nimechagua nne, nimezifupisha na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwandishi. Jibu la barua ya kwanza ni refu kuliko mengine, na wasomaji wataniwia radhi, kwani nilifanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya ngozi kwa miaka mingi na najua kwamba anayeuliza bei kabla ya kuuliza sababu mara nyingi hulipa mara mbili.

Barua ya kwanza

Assalaamu alaykum Bi Mshauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 33 na ninaishi Wete, Pemba. Nilipoolewa, miaka 11 iliyopita, nilitindwa nyusi zikawa nyembamba kama uzi, na katika harusi za ndugu zangu zilizofuata nikawa napakwa piko juu yake ili zionekane. Mara ya mwisho zilivimba, zikatoa maji na ngozi ikabanduka. Tangu hapo hazikurejea, isipokuwa vinywele vichache upande wa pua. Kila asubuhi hujichora kwa wanja, na kila ninapotawadha wanja huondoka, hata kazini baada ya kutawadha adhuhuri hufunga mlango wa chumba mpaka nimalize kujichora upya. Wifi yangu aliyeko Maskati ameniambia kwamba siku hizi nywele hutolewa kisogoni zikapandikizwa kwenye nyusi, na yuko tayari kunisaidia nauli ya Uturuki au India. Naomba unieleze mambo ya kuzingatia kabla sijaamua.

*Msomaji, Wete*

Jibu

Wa alaykumus salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale ulipoeleza habari ya kufunga mlango nilisimama kidogo. Wapo watakaokuambia kwamba nyusi ni jambo dogo, nami sikubaliani nao. Nyusi huzuia jasho lisiingie machoni na ndizo zinazoupa uso sura yake, na mtu aliyezipoteza hujihisi kwamba kila anayezungumza naye anamtazama juu ya macho badala ya machoni.

Hata hivyo, kabla ya Uturuki na kabla ya India, lipo swali ambalo hukuliuliza, nalo ndilo la kwanza: nyusi zako ziliondoka kwa sababu gani? Wewe umejijibu kwamba ni kutinda na piko, na huenda umepatia, lakini daktari mwangalifu hatalichukua jibu lako wala langu bila ya kuhakikisha. Umesema kilichobaki ni upande wa pua. Theluthi ya nje ya nyusi, yaani upande wa masikioni, hupungua pia kwa watu ambao tezi ya shingo imelegea, kwa hiyo kipimo cha damu cha homoni za tezi usikikwepe, khaswa ikiwa unachoka bila sababu, unaona baridi wakati wenzako wanajipepea, unafunga choo au hedhi yako imebadilika. Ukoma nao huweza kuondoa nyusi kuanzia upande huo huo wa nje. Usishtuke kulisikia jina hilo. Ugonjwa huu bado upo nchini, dawa zake hutolewa bure, matibabu ni ya miezi 6 au 12 kulingana na aina yake, na mtu mwenye baka lisilo na hisia au ngozi ya uso iliyonenepa hapaswi kuogopa kwenda kuangaliwa. Kuna maradhi ambayo kinga ya mwili huvishambulia vinyweleo vya mwili huo huo, nywele zikaondoka kwa mabaka ya duara. Kuna mengine ambayo huanza kwa nyusi kupotea, kisha mstari wa nywele za kipaji ukarudi nyuma mwaka hadi mwaka, nayo huwapata zaidi wanawake waliokaribia au kupita ukomo wa hedhi. Kaswende, upungufu wa madini ya chuma na ukurutu wa muda mrefu navyo vimo. Nimeyataja yote haya kwa sababu moja: ukipandikiza nywele juu ya maradhi yanayoendelea, yatazimaliza nywele mpya kama yalivyozimaliza za mwanzo, na fedha za wifi yako zitakuwa zimekwenda na maji.

Liko jambo unaloweza kuliangalia mwenyewe leo. Kaa karibu na dirisha wakati wa mchana, uso ukiwa hauna wanja wala mafuta, na uchukue kioo kidogo ukisogeze mpaka uione ngozi yenyewe. Mahali ambapo bado unaona vitundu vidogo vidogo kama vya ncha ya sindano, na pengine vinyoya laini visivyo na rangi, vinyweleo vipo na huenda vikaamka. Mahali ambapo ngozi ni laini, inang'aa na haina vitundu hata kimoja, hapo pana kovu na kinyweleo kimekufa. Jambo hili halichukui nafasi ya daktari wa ngozi, ambaye ana kioo cha kukuza na, akiwa na shaka, anaweza kukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, lakini litakusaidia kwenda kwake ukiwa na la kumweleza.

Kuhusu piko lazima niseme wazi. Hina yenyewe, ile ya majani, si nyeusi na ni nadra kumdhuru mtu. Piko tunalotumia huku kwetu ni rangi ya nywele ya unga, na weusi wake unatokana na kemikali inayoitwa parafenilinidiamini, ambayo katika rangi za nywele za kawaida huwekwa kwa kipimo maalumu ili ikae juu ya nywele kwa dakika chache, wala haikukusudiwa kukaa juu ya ngozi kwa saa nzima. Habari za madhara yake si za leo. Katika miaka ya 1930 nchini Marekani kulikuwa na rangi ya kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali hiyo hiyo, iliyowapofua wanawake na kusababisha kifo, na kisa hicho ni miongoni mwa vilivyochochea sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1938 inayosimamia vyakula, dawa na vipodozi. Mwili wako umekwisha kuikataa kemikali hii mara moja, na mwili hausahau. Ikikugusa tena huweza kuja kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo usipake tena, iwe unapandikiza au hupandikizi, na daktari yeyote atakayekudunga sindano ya ganzi mweleze kisa hiki mwanzo kabisa, kwa sababu watu wanaodhurika na piko wanaweza kudhurika pia na baadhi ya dawa za ganzi. Ile inayotumika zaidi kwa kazi hii, lignokeni, ni ya jamii nyingine, lakini uamuzi ni wa daktari, naye hawezi kuamua kwa jambo asiloambiwa.

Tuchukulie sasa kwamba vipimo vimetoka vizuri, na tatizo ni kovu na kutinda kwa miaka mingi. Hapo upandikizaji ni njia ya haki, na huna sababu ya kuona haya kuutaka. Mwaka 1939 daktari wa Kijapani, Shoji Okuda, alichapisha kazi yake ya kuhamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kwenda mahali palipokuwa wazi, nyusi zikiwemo, na mwaka 1959 daktari Norman Orentreich wa New York akaeleza kanuni ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kazi hii, kwamba unywele uliohamishwa hubaki na tabia za mahali ulikotoka. Kanuni hiyo ndiyo neema ya upandikizaji, na ndiyo mzigo wake pia. Unywele wa nyusi kwa asili hukua kwa wiki chache tu kisha hupumzika na kudondoka, na ndiyo maana hauzidi urefu ule. Unywele wa kisogoni hukua kwa miaka, kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, na ukishahamishwa kwenye uso utaendelea kukua vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba utazipunguza nyusi zako kwa mkasi kila baada ya wiki moja au mbili, maisha yako yote, na kichwa kikiota mvi, nyusi nazo zitafuata.

Jirani yangu mmoja alipandikiziwa miaka kadhaa iliyopita, mahali sipataji. Kila Alkhamisi baada ya alasiri hukaa ukumbini na mkasi mdogo wa kucha na mswaki wa mtoto, akazichana nyusi kwenda juu na kukata kilichozidi, unywele mmoja mmoja, naye hufanya hivyo kwa furaha. Kinachomhuzunisha ni kwamba nywele za upande wake wa kushoto hazilali. Aliyempandikizia alitoboa ngozi kwa kusimamisha chombo, na nywele zikaota zikielekea mbele, mbali na uso, kiasi kwamba hulazimika kuzigandisha kwa mafuta mazito kila asubuhi. Neno kupandikiza tumelizoea kwenye mpunga, ambako mche husimama wima bondeni. Unywele wa nyusi haufai kusimama hivyo. Unatakiwa utoke karibu sawa na ngozi, kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 15 hivi, tena mwelekeo hubadilika: karibu na pua nywele huelekea juu, katikati hulala kuelekea sikioni, na mwishoni za juu hushuka na za chini hupanda zikakutana katikati. Kila kitundu hupokea unywele mmoja, na kwa unyusi ulioondoka karibu wote huhitajika mamia ya nywele kila upande. Kwa hiyo usione ajabu kazi kuchukua muda wa saa mbili hadi nne au zaidi, na umwogope anayekuahidi kuimaliza upesi.

Namna ya kuzitoa nywele kisogoni ziko mbili. Ya kwanza ni kukata ukanda mwembamba wa ngozi na kushona, nayo huacha kovu la mstari linalofichwa na nywele. Ya pili ni kung'oa kinyweleo kimoja kimoja kwa kichombo cha duara, nayo huacha alama ndogo ndogo kama nukta. Hapa aina ya nywele zako ina maana kubwa. Mwenye nywele za singa, kinyweleo chake kimenyooka chini ya ngozi na hutoka kwa wepesi. Mwenye nywele za kipilipili, kinyweleo chake kimejikunja hata ndani ya ngozi, na daktari asiyezoea hukikata katikati bila kujua, kikafa kabla hakijapandwa. Tena zikishaota juu ya uso hujikunja, na hilo huhitaji mtu anayejua kuupanga mkunjo ulalie ngozi. Ndiyo maana nakuomba, unapozungumza na kituo chochote, usiridhike na picha za nyusi za Wazungu au Waturuki. Omba picha za watu wenye nywele na rangi kama yako, zilizopigwa mwaka mmoja baada ya kazi, si siku ile ile.

Uliza pia nani hasa atakayeishika ngozi yako. Katika baadhi ya vituo, ndani na nje ya nchi, daktari huonekana kwenye matangazo na hutia sahihi, na anayetoboa na kung'oa ni mtu asiye na leseni ya udaktari. Madaktari wa fani hii wenyewe, kupitia jumuiya yao ya kimataifa, wamekuwa wakiwaonya watu juu ya jambo hilo. Muulize daktari kwa maandishi: nani atachora umbo, nani atatoboa vitundu, nywele ngapi, na zisipoota itakuwaje, kwa sababu si zote hushika, khaswa penye kovu, na watu wengi huhitaji kurudia baada ya mwaka. Hesabu ya gharama iwe na safari ya pili ndani yake, na ujue kwamba bima za afya kwa kawaida hazilipii kazi ya urembo. Kabla ya kufikiria nje, anza na daktari wa ngozi aliye karibu. Nchini kwetu wamekuwa wakifunzwa katika kituo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, tangu miaka ya 1990, na ushauri wa mmoja wao wakati mwingine huiondoa safari yenyewe. Atakuuliza kuhusu kisukari, shinikizo la damu, dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini, ujauzito na kunyonyesha. Mjibu kwa ukweli, na ukiwa na mimba au unanyonyesha, subiri.

Sasa nikupe siku zenyewe zilivyo. Siku ya pili na ya tatu macho huvimba, wakati mwingine mpaka kope zikafungana, na mtu hulala chali kwa mito miwili. Vigaga hukaa kama wiki moja na havikwanguliwi. Wiki ya pili hadi ya nne nywele zilizopandwa hudondoka karibu zote, na hapo ndipo wengi hulia wakidhani wameibiwa. Vinyweleo vimebaki ndani, vimepumzika. Nywele mpya huanza kuchomoza mwezi wa tatu au wa nne, na sura ya mwisho huonekana karibu na mwezi wa 12. Usiingie baharini wala usipake wanja kwa wiki mbili au zaidi, kadiri utakavyoelekezwa. Ukiona usaha, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, homa au wekundu unaoenea kuelekea jichoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje boti ya kesho.

Mambo mawili huenda daktari wa ugenini asikuambie. La kwanza ni nikabu. Ukiwa unaivaa, utepe wake hupita juu ya kipaji na hukaa pale pale pa nyusi, na msuguano wa siku za mwanzo unatosha kuing'oa miche. Panga kubaki ndani wiki mbili, au ushone yenye utepe unaopita juu zaidi, karibu na mstari wa nywele. La pili ni udhu. Utaambiwa usiloweshe mahali hapo kwa siku kadhaa, na nyusi zimo ndani ya mipaka ya uso unaofaradhishwa kuoshwa. Fiqhi ina mlango wake wa mwenye jeraha, wenye maelezo ya kuosha palipo salama na kutayamamu, na inayo pia hukumu ya asiyeweza kusujudu. Kayasome kwa mwalimu wako kabla hujasafiri, si baada ya kuingia kwenye mashaka. Usipange jambo hili Ramadhani, wala karibu na Hija, kwani mwenye ihramu hakati unywele, na nyusi zako zitakuwa za kukatwa.

Juu ya uhalali wenyewe, mimi si mufti. Ninachokijua ni kwamba wanazuoni wanatenganisha kati ya kubadilisha umbile kwa kutaka uzuri, ambako kuna Hadithi ya Ibn Mas'ud juu ya wanaotinda nyusi na wanaochorwa mwili kwa sindano ya wino, na kuondoa aibu iliyompata mtu, ambako hutajwa kisa cha Arfaja aliyekatwa pua vitani, kisha Mtume, rehema na amani zimshukie, akamruhusu kutengeneza ya dhahabu. Wako wengi walioruhusu kupandikiza nywele za mtu mwenyewe kwa msingi huo wa pili. Lipeleke swali lako Ofisi ya Mufti na ulieleze kama ulivyonieleza mimi, pamoja na habari ya ngozi iliyobanduka, kwa kuwa jibu hufuata hali.

Na iwapo kioo kitakuonyesha vitundu vingi, mwombe daktari wa ngozi mjaribu kwanza dawa ya kupaka, kama minoksidili, kwa miezi kadhaa. Mafuta ya nyonyo na ya habasoda hayana ubaya kwa wengi, lakini sijawahi kuona yakiotesha nywele mahali penye kovu. Kuchorwa kwa sindano ya wino sikushauri, kwa sababu ya Hadithi niliyoitaja na kwa sababu ya ngozi yako iliyokwisha kukasirishwa na rangi.

Barua ya pili

Bi Mshauri, harusi yangu ni baada ya miezi mitatu. Nikipandikiza nyusi sasa, zitawahi?

*Bibi harusi mtarajiwa, Mwanakwerekwe*

Jibu

Hongera, mwanangu. Hazitawahi, na huo ndio wakati mbaya kuliko yote, kwa sababu mwezi wa tatu nywele zilizopandwa zimekwisha kudondoka na mpya ndiyo kwanza zinachomoza. Siku ya harusi huenda ukawa na nyusi chache kuliko ulizonazo leo. Mwambie somo wako akuchore kwa wanja wa kawaida, apake wanja huo siku kadhaa kabla nyuma ya sikio ili muone kama ngozi inaukubali, na mimi nitafurahi ukiniandikia tena baada ya fungate.

Barua ya tatu

Asalaam alaykum, mama yangu. Nilianguka na bodaboda miezi mitano iliyopita, nikashonwa, na sasa unyusi wangu wa kulia umekatika katikati kwa kovu la upana wa kidole. Je, linaweza kupandikizwa? Nimeambiwa watu weusi hawafai kwa kazi hii kwa sababu ya makovu.

*Msomaji wa kiume, Jang'ombe*

Jibu

Wa alaykumus salaam, mwanangu, na tunamshukuru Mungu kwamba jicho limesalimika. Uliloambiwa lina chembe ya kweli iliyokuzwa. Makovu yanayotuna na kuzidi mipaka ya jeraha huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi kuliko weupe, lakini si kila mtu mweusi anayo tabia hiyo, na mwili wako tayari una ushahidi. Angalia kovu la chanjo ya kifua kikuu uliyochanjwa utotoni mkononi, na kovu lolote la zamani la kisu, la upasuaji au la jipu. Yakiwa bapa, au yamebonyea, hiyo ni habari njema. Likiwa hata moja limetuna, linang'aa, linawasha na limeenea kupita pale palipojeruhiwa, mwambie daktari kabla hajakugusa, na uwaulize wazazi kama jambo hili limo katika ukoo.

Pili, miezi mitano ni mapema. Kovu huendelea kubadilika kwa takriban mwaka mzima, na kupanda nywele kabla halijatulia ni kujenga juu ya mchanga unaosogea. Tatu, kovu lina mishipa michache ya damu kuliko ngozi nzima, na unywele uliohamishwa huishi kwa damu ya mahali ulipowekwa. Kwa hiyo idadi ya zitakazoshika itakuwa ndogo, na daktari mwenye busara hupanda chache kwanza, kama jaribio, akasubiri miezi kadhaa aone zinavyoota na ngozi inavyolipokea jambo lenyewe, kisha akajaza. Usikubali kujaziwa lote siku moja ili upunguziwe bei. Kwa pengo la upana wa kidole, daktari wa upasuaji pia anaweza kulikata kovu na kulishona upya kwa ustadi ili kingo mbili zenye nywele zikutane, na wakati mwingine hilo pekee linatosha. Ikiwa unavuta sigara, anza kuacha sasa, kwa sababu moshi huibana ile mishipa michache uliyobakiwa nayo.

Barua ya nne

Dada yangu mpendwa, binti yangu ana miaka 16 na anasoma skuli. Tangu alipoanza kujitayarisha kwa mitihani ameng'oa nyusi zake kwa vidole mpaka zimekwisha, na sasa ameanza kope. Nikimkemea hulia na kusema mkono unakwenda wenyewe. Baba yake anasema tumpeleke akapandikiziwe ili aone haya kuzing'oa tena. Nifanye nini?

*Mama, Fuoni*

Jibu

Dada yangu, nakuomba kwa mapenzi yote usimpeleke. Binti yako anakuambia kweli: mkono unakwenda wenyewe. Hali hii inajulikana na madaktari, huanza mara nyingi katika umri wa balehe, huzidi wakati wa wasiwasi, na haisababishwi na ukaidi wala malezi mabaya. Nywele za kupandikizwa zitang'olewa kama zile za asili, na kila kinyweleo kitakachotolewa kisogoni kitakuwa kimepotea mara mbili.

Anayemhitaji kwanza ni daktari au mshauri wa afya ya akili. Najua kwamba watu wetu hulitaja jina la Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya afya ya akili, kwa kunong'ona, na najua utakachoogopa ni maneno ya majirani, lakini wanaokwenda pale si wale tu ambao mitaa inawasema. Mwanafunzi mwenye wasiwasi wa mitihani ni mgonjwa kama mwenye homa, naye hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Atafundishwa kuutambua wakati mkono unapoanza kupanda, na kuupa kazi nyingine.

Nyumbani, acha kumkemea na acha kumkagua uso kila anapotoka chumbani. Mpe kitu cha kushika wakati anasoma, tasbihi au ukili wa kusuka, na ukae naye karibu bila ya kuzungumzia nyusi. Mweleze baba yake kwa upole kwamba haya anayo tayari, tena ya kutosha. Vinyweleo ambavyo havijaharibika kwa kung'olewa mara nyingi huanza kutoa nywele tena ndani ya wiki au miezi michache baada ya mkono kutulia, na kwa kuwa yake yalianza na matayarisho ya mitihani, nina matumaini makubwa naye. Niandikie atakapomaliza mitihani.